Mtu Asiyeinamisha Kichwa

Jumapili, 2 Machi

Leo nimemfunga Zachariah vifungo vya shati. Si mara ya kwanza, ila siku nyingine hujifanya anatafuta viatu huku nikimfunga. Leo alisimama tu mbele yangu, mikono chini, akitazama juu ya kichwa changu. Nilipofika kifungo cha shingoni alisema vidole vyake ni kama vya mtu aliyevaa glavu usiku na mchana.

Nimeamua kuandika. Nyumbani tunazungumza Ekegusii, shuleni nafundisha Kiswahili. Haya nitayaandika kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii yangenikaribia mno.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Kijiji chetu chote cha Manga kimenuka vumbi lililolowa.

Ijumaa, 7 Machi

Karani wa kituo cha chai amerudisha majani ya Zachariah. Sikuambiwa na Zachariah, niliambiwa na Okemwa, mdogo wake, ambaye shamba lake limepakana na letu. Karani alimwaga gunia mbele ya watu, akakuta majani magumu, vijiti, hata majani ya mti wa uani. Akamuuliza kama alichuma akiwa amefumba macho. Watu wakacheka.

Mume wangu amechuma chai tangu akiwa mtoto. Majani mawili na chipukizi, hahitaji hata kutazama. Labda ndiyo shida, hakuwahi kuhitaji kutazama, vidole ndivyo vilivyokuwa vikijua.

Okemwa hakuja kunipa pole. Alikuja kuuliza. "Mama Sheila, huyu ndugu yangu anakunywa wapi siku hizi?" Anasema amemwona akipanda kutoka barabarani akiyumba, anashika ua wa watu ili asianguke. Nikamwambia Zachariah hajaonja pombe tangu abatizwe. Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwanamke asiyejua mambo ya nyumba yake.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mzee wa kanisa, Machogu, aliomba ombi refu. Katikati nilifungua macho nikamwona Zachariah kwenye kiti cha mashemasi. Kanisa zima lilikuwa limeinama. Yeye peke yake alikuwa amekaa wima, macho wazi, anatazama mbele. Hata Machogu alimwona alipofumbua macho.

Baada ya chakula nilimuuliza. Akasema akiinamisha kichwa, kitu kama umeme kinatoka shingoni, kinashuka mgongoni hadi kwenye nyayo. Nyumbani alijaribu kuomba ameinama na kila mara akapigwa. Sasa anaomba akimtazama Mungu usoni.

Nilicheka, naye akacheka. Lakini hakusema kwa mzaha.

Alhamisi, 13 Machi

Zahanati walimpa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu. Lakini yeye hana maumivu makubwa. Ganzi ndiyo inayomsumbua.

Jumanne, 18 Machi

Tumetoka Kisii. Nimechoka lakini niandike kabla maneno hayajapotea.

Daktari Ochanda ni mtu mpole, anaongea polepole. Alimgonga Zachariah magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu ukaruka kama wa punda. Akamwambia afumbe na kufumbua ngumi haraka haraka. Vidole vilifunguka kimoja kimoja, kama watu wanaoamshwa kutoka usingizini. Akamwambia atembee, kisigino mbele ya vidole, kama anayepita juu ya gogo. Hatua ya pili alimwangukia nesi.

Kisha picha ya ile mashine kubwa. Daktari aliiweka kwenye mwanga akanionyesha. Ndani ya mifupa ya shingo kuna mfereji, na ndani ya mfereji unapita mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni kwenda mwili mzima. Mfereji wa Zachariah umekuwa mwembamba. Mifupa imeota kwa ndani mwaka baada ya mwaka, na mshipa umebanwa. Nilipaona mahali penyewe: ule mstari unashuka vizuri, halafu unaminywa kama shingo ya kibuyu.

Nilimuuliza kama ni mizigo. Akasema mizigo huenda ilichangia, lakini wengine huzaliwa na mfereji mwembamba na umri unamalizia. Dawa za kuchua hazifiki kule. Kinachofaa ni upasuaji, kuupa mshipa nafasi. Akasema wazi kwamba upasuaji ni wa kuzuia mambo yasizidi kuharibika. Kilichopotea kinaweza kurudi au kisirudi.

Mpaka siku hiyo, avae kola, ule mkanda mgumu wa kushikilia shingo. Asibebe kitu kichwani wala begani. Asikubali mtu yeyote amvute au kumkunja shingo, hata awe mganga wa mifupa wa kusifiwa namna gani. Na asianguke. Hilo alilirudia akinitazama mimi. "Kwa mtu mwenye shingo hii, kuanguka kidogo tu kunaweza kufanya kazi ya ajali ya gari."

Alitaka kumpasua wiki ijayo. Zachariah akaomba angoje mpaka mchumo wa mvua upungue. Wakavutana kwa heshima, wakakubaliana tarehe ishirini na tisa Aprili. Mimi nilikaa pale na mkoba wangu magotini kama mgeni, nikaacha wanaume wawili wapatane.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mkwe, Mama Bitutu, ameiona kola. Kila asubuhi anavuka ua na fimbo yake kuja kuuliza ni nani amemfunga mtoto wake shingo. Anaamini kola ndiyo ugonjwa. Zachariah anamweleza, anaelewa, kesho anauliza tena.

Jumatatu, 24 Machi

Tunajifunza. Chai anakunywa kwa mrija, kwa sababu kuinua kidevu ili amalizie kikombe ni hatari sawa na kuinama. Mto wake ni taulo iliyokunjwa. Nyembe nimezichukua mimi. Namnyoa ameketi mlangoni kwenye mwanga, kimya, na nikifika chini ya kidevu anashusha pumzi. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumtazama uso kwa karibu na kwa muda mrefu hivi. Ana kovu dogo chini ya mdomo. Nilipomuuliza akasema ni la utotoni, fahali wa baba yake.

Mazoezi ya vidole anafanya kwa gunzi la mahindi. Anabinya, anaachia.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Karatasi za mtihani za kusahihisha. Kashika kijiko mwenyewe.

Jumapili, 30 Machi

Machogu alikuja na wazee wawili. Waliketi vizuri, wakauliza habari za chai na za Sheila, binti yetu anayefanya kazi Nakuru. Kisha Machogu akasema kanisa limeona vyema Zachariah apumzike ushemasi kwa muda. Hawakumshutumu. Walisema kumekuwa na maneno, na kazi ya Bwana haitaki maneno.

Nilielewa ni maneno gani. Nikaingia chumbani nikaleta ile picha ya hospitali, nikaiinua dirishani waone pale palipominywa. Machogu aliitazama kwa adabu, akasema picha huonyesha mengi.

Zachariah akaniambia niirudishe. Walipoondoka alisema, "Usimwonyeshe tena mtu yeyote ndani ya shingo yangu."

Jana kanisani hakuketi na mashemasi. Aliketi nyuma, karibu na mlango. Nilidhani ni kwa ajili ya kola. Kumbe alikuwa ameshaambiwa pembeni, na leo walikuja tu kuninyamazisha mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Mvua ya mawe mchana, chai yetu ya upande wa juu imechanika yote. Zachariah alisimama mlangoni akaitazama ikipigwa. Akasema heri angekubali kupasuliwa wiki ile ile aliyotaka daktari.

Jumapili, 6 Aprili

Mama Bitutu ana homa, kifua kinakoroma. Okemwa amempeleka hospitali ya Nyamira.

Jumatano, 9 Aprili

Mama amefariki alfajiri ya leo.

Okemwa alipiga simu. Zachariah hakuweza kuibonyeza simu aipokee, nikaipokea mimi, nikamwekea sikioni. Kwa hiyo habari za kifo cha mama yake alizisikia huku nimemshikilia simu, na niliona uso wake ukibadilika umbali wa kiganja.

Hakulia. Aliniomba nimvalishe koti.

Jumapili, 13 Aprili

Watu, sufuria, turubai, mvua. Sheila amefika. Alipomwona baba yake anavyotembea, miguu mbali mbali kama mtu aliye juu ya godoro, aliingia jikoni akakaa na moshi muda mrefu.

Jumapili, 20 Aprili

Naandikia kwenye benchi nje ya wodi, Kisii. Nitaandika kama ilivyotokea, nisije nikaanza kuisimulia vingine.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu kukucha. Gari lililomleta Mama kutoka chumba cha maiti lilikwama barabarani, pale njia ya kwetu inapoanza kupanda. Matairi yalizunguka yakirusha matope mpaka wakaacha. Ikaamuliwa jeneza libebwe mabegani hadi nyumbani. Si mbali, lakini udongo wa Manga ukilowa ni kama sabuni.

Machogu ndiye aliyewapanga wabebaji. Bila kumtaja mtu alisema mlima ni mbaya, tunataka wenye miguu isiyoyumba. Watu kadhaa walimtazama Zachariah, kisha wakatazama chini.

Zachariah akaanza kuvua kola. Vidole havikuweza kuachanisha ule mkanda wa kunata, akausukuma kwa viganja mpaka ukaachia. Akanipa, kama mtu anayempa mkewe koti amshikie.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Sheila, daktari alisema nini?"

"Daktari hakuzaliwa na mama huyu."

Nilimshika mkono wa koti. Nikamtazama Okemwa, nikamwomba kwa macho amzuie. Okemwa alikuwa ameshashika mbele. Niliona amesita. Kisha akasogea, akampa kaka yake nafasi. Kwetu nani atamwondoa mzaliwa wa kwanza kwenye jeneza la mama yake? Sikuwa na nguvu ya kulisema lile neno mbele ya watu wote, kwamba mume wangu hawezi. Na hata ningelisema, nadhani angeniondoa mkono.

Walipanda wakiimba. Alibeba vizuri. Hilo lazima niliandike, kwa sababu watu sasa wanasimulia kama aliyumba tangu mwanzo. Alibeba vizuri, ameweka bega chini ya mama yake, shingo imesukumwa upande, uso unalowa mvua, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alionekana kama mtu wangu.

Penye mtaro wa juu mguu wake wa kushoto ulikanyaga mahali ambapo hapakuwa na ardhi. Akahisi anakwenda, akaliachia jeneza ili asilivute, akaanguka chali. Haukuwa mwanguko mkubwa. Mtoto angeanguka vile akainuka akicheka. Kisogo kiligonga ukingo wa mtaro, kidevu kikaenda juu. Wale wengine waliyumba, wakalishika jeneza.

Nilipomfikia alikuwa amefumbua macho, mvua inamwingia machoni naye hainui mkono kuikinga. Nikamwambia inuka. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mikono yangu iko wapi?"

Ilikuwa pembeni yake, yote miwili, viganja vimetazama juu, vinajaa maji.

Nilipiga kelele watu wasimvute. Walikuwa wameshaanza kumshika kwapani, kwa wema. Nikapiga magoti kwenye matope, Sheila akamshika kichwa kisigeuke, nikamfunga kola. Wakaleta benchi la kanisa, wakamlaza, wakamshusha kule kule tulikopandia. Wanaume walilisukuma gari la maiti mpaka likatoka. Mume wangu alilazwa pale pale alipokuwa amelala mama yake asubuhi ile, na maua yaliyobaki yalikuwa bado yametapakaa chini.

Nyuma yetu jeneza lilikuwa limewekwa njiani juu ya viti viwili, watu wamesimama hawajui waende juu au chini. Mama alizikwa bila sisi.

Njiani alisema neno moja tu. Aliuliza kama jeneza lilianguka. Nikamwambia halikuanguka. Akasema basi vizuri.

Daktari Ochanda alimpasua Ijumaa. Hakunilaumu. Alinieleza kwamba shingo ilipokwenda nyuma, mshipa ambao tayari ulikuwa umebanwa ulipondwa katikati. Mfereji ameupanua. Miguu ina matumaini. Kuhusu mikono akasema tungoje.

Jumatano, 23 Aprili

Amekunja mguu wa kulia. Mikono, hapana.

Jumanne, 29 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa tarehe yetu.

Jumapili, 4 Mei

Shule zilifunguliwa wiki iliyopita. Nafundisha asubuhi, mchana nashuka Kisii. Okemwa anauza ndizi soko la Masimba, lakini siku hizi duka analifungua kwa nusu siku tu. Nimemkuta wodini leo, amemwomba nesi Apondi amfundishe namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumtonesha shingo. Alikuwa akimlisha uji. Anapuliza kijiko, anaonja kwa mdomo wake, ndipo anampa.

Nje alinisimamisha. Alisema, "Lile neno la pombe nililianza mimi, shemeji. Nililisema kituoni, nikalisema Masimba. Machogu alilipata kwangu."

Nilitaka kumchukia, nikakumbuka kile kijiko. Nikamwambia kesho alete taulo safi.

Ijumaa, 16 Mei

Tumerudi nyumbani. Alitembea kutoka kwenye gari hadi mlangoni, Okemwa upande huu, mimi upande ule. Miguu migumu lakini inakwenda. Mikono inaning'inia kama mikono ya koti. Bega la kulia linainuka kidogo. Vidole havijui lolote.

Aliomba apitie kaburini. Tulisimama naye. Nyasi zimeanza kuota pembeni.

Jumamosi, 24 Mei

Baada ya ibada kanisa lilikuja kwetu. Machogu alisimama katikati ya sebule akaomba msamaha mbele ya watu. Nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia. Alisema kanisa limeamua kumrudishia Zachariah ushemasi tangu leo.

Zachariah alimshukuru. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mzee, shemasi asiye na mikono atabeba nini?"

Machogu akasema tuombe. Watu wote wakainama, na mimi nikainama. Nilipoinua macho, Zachariah alikuwa vile vile, wima, amefungwa kola, anatutazama sisi sote vichwa vyetu vikiwa chini.

Niliwapa chai yenye sukari nyingi. Nikaosha vikombe peke yangu.

Ijumaa, 30 Mei

Daktari Ochanda amempima. Nilimwomba aseme kweli. Akasema mikono ambayo haijaamka mpaka sasa, asingependa kunitia tumaini kubwa. Aendelee na mazoezi, ili viungo visikauke. Zachariah alisikiliza yote. Tulipotoka alisema Kisii kumekuwa na magari mengi sana.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zinakata. Okemwa anachuma shamba letu baada ya lake.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekasirika naye leo. Si kwa lolote alilolifanya. Nilikuwa nampiga mswaki, nikawaza: uliniachia kola mkononi, ukaenda. Nikasugua kwa nguvu mno. Alinivumilia. Nilipomaliza akaniambia, "Najua." Hakusema anajua nini.

Jumanne, 10 Juni

Nilichelewa kutoka shuleni, nikapitia sokoni kununua mboga. Okemwa alikuwa amemlisha mchana, akamwacha amekaa barazani kwenye jua, akaenda kituoni na majani.

Nilipoinama kumsalimu niliona mistari miwili myeupe mashavuni, kutoka kwenye macho hadi ndani ya kola. Nilidhani ni uji. Nikagusa kwa kidole. Ilikuwa chumvi.

Niliketi chini kando ya kiti chake. Nilikuwa nikiwaambia watu wote, Sheila, walimu wenzangu, kwamba Zachariah ni jabali, hajadondosha chozi, si kwa mama yake, si kwa mikono yake. Nilimuuliza ni mara ngapi. Akasema mara nyingi, tukishaondoka sote. Hataki kutuongezea. Huacha machozi yashuke, kisha hungoja jua au upepo uyakaushe kabla hatujarudi. Leo niliwahi kuliko jua.

"Kupangusa ndiko kunakonishinda," akasema.

Nilileta maji ya vuguvugu na kitambaa nikamwosha uso. Nilipofika kwenye lile kovu chini ya mdomo yakaanza tena, na safari hii sikuharakisha kuyapangusa. Nilimwacha alie kama anavyotaka, mkono wangu ukiwa shavuni mwake, mpaka yakapungua yenyewe. Ndipo nikampangusa.

Nilimwomba asilie tena akiwa peke yake. Akasema atajaribu kuningoja.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoka shuleni mapema. Alikuwa ameningoja.